Kijiji Nilichokiita Mahame

Mama yangu ni Mzungu. Nimelieleza hilo mara nyingi mno, hata sasa nalisema kwa pumzi moja na jina langu. Watu wa Mtwara wakiniona hukisia kuwa mimi ni Mwarabu wa Mikindani, au mtoto wa wale waliokuja na mambo ya gesi. Sivyo. Baba alikuwa Mmakonde wa upande wa Mpapura, mtoto wa wakulima wa korosho, aliyepelekwa na serikali kusomea ufundi wa matrekta huko Ukraina, enzi hizo ikiwa bado ndani ya Muungano wa Kisovieti. Alirudi na cheti, koti zito ambalo hakulivaa hata siku moja, na mke. Mke huyo alifanya kazi ya uuguzi hapa mpaka akastaafu, akamzika mumewe hapa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuwashinda wauza samaki wa Chikongola kwa mabishano.

Kisha Kiswahili kikaanza kumtoka. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba kwa wengine lugha iliyoingia mwisho ndiyo hutangulia kutoka. Yalianza kupotea majina ya mboga, kisha ya majirani, kisha siku za wiki. Sentensi yake ya mwisho ya Kiswahili naikumbuka. Alikuwa amekaa barazani anapepeta mchele ambao ulikwisha kupepetwa, akasema, "Nataka kwetu." Nikamwuliza, kwetu wapi tena mama, hapa si ndiyo kwetu? Akanitazama kama mtu anayesubiri karani amalize chai yake. Baada ya hapo ikawa lugha yake ya utotoni tu.

Nyumbani hakuna aliyeijua lugha hiyo. Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nilipokuwa mdogo mama alinisemesha kwa lugha yake nami nikimjibu kwa hiyo hiyo, tena bila kusita, baba alipenda kusimulia. Nilipoanza shule wenzangu wakaniita kasuku. Siku moja mama alikuja kunichukua, akaniita kwa maneno yake mbele ya darasa zima. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti, asinisemeshe tena hivyo. Nilikuwa na miaka sita. Hakugomba. Tangu siku hiyo alinisemesha Kiswahili, na mimi nikaisahau lugha ile yote, hata neno la maji.

Kwa Wamakonde mtu ni wa kwa mama yake. Ukoo unaupata huko, na mwenye kauli juu yako ni mjomba, kaka wa mama. Ndiyo maana posa yangu ilikuwa kichekesho. Wazee wa upande wa mume waliuliza mjomba yuko wapi wapeleke maneno kwake, ikabidi baba amwazime rafiki yake wa bandarini, Mnyakyusa, mtu wa kanisani, akavalishwa kanzu na kukalishwa mkekani awe mjomba wangu kutoka Ulaya. Wote walijua, wote walinyamaza, na pilau ililiwa. Nilicheka kwa miaka mingi. Lakini sasa nakaribia hamsini, mama anapotea mbele ya macho yangu, na kicheko kimeisha. Mtu asiye na kwa mama, kwa mila zetu, ni kama aliokotwa.

Mama alikuwa na mdogo wake wa kike. Waliandikiana barua mpaka nilipoingia sekondari, kisha barua za mama zikaanza kurudi zikiwa na mihuri tusiyoielewa, akaacha kuandika. Nikajiwekea nadhiri: nitakitafuta kijiji chao, nimpate huyo mama mdogo, au hata jirani, nimwekee mama simu sikioni aongee na mtu anayemwelewa kabla hajapotea kabisa. Sikuomba apone. Niliomba aongee na mtu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilidhani kazi hiyo itanichukua wiki mbili.

Kwenye sanduku la baba nilikuta cheti cha ndoa, na mahali pa kuzaliwa bibi harusi paliandikwa jina ambalo tafsiri yake ni Alfajiri Nyekundu. Naandika maana, kwa sababu jina lenyewe hata mimi nalitamka vibaya. Lakini mama, kwenye hadithi zake, hakuwahi kusema Alfajiri Nyekundu. Alisema Visima Vitatu. Ndivyo bibi yake alivyokiita. Kwa hiyo kijiji kilikuwa na majina mawili, moja la bibi na moja la cheti, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikosea kama Mmakonde kamili, ukoo au si ukoo.

Kijiji cha baba nacho kina majina mawili. La kwanza ni la kule alikozaliwa, ndani mashambani. Ilipokuja Operesheni Vijiji watu walihamishwa, wakapangwa kando ya barabara, na kijiji kipya kikapewa jina jipya la kuhimiza umoja. Kule kwa zamani pakabaki mahame. Baba alinipeleka mara moja, tukatembea katikati ya mikorosho iliyozeeka, akanionyesha vigae vya vyungu, akasema hapa palikuwa jikoni kwa mama yangu. Halafu tukarudi barabarani kwa watu. Sisi tuliolelewa huku tukisikia kijiji kina jina la kale na jina jipya, hatuulizi. La kale ni la pori, jipya ni la watu. Jina likibadilika, ujue watu wamehama.

Siku ile ile ya kwanza niliiona Visima Vitatu kwenye ramani ya simu. Iko mashariki mwa nchi yao, karibu na mto mdogo. Haikunishtua. Ramani nyingi zina majina ya mahame, hata mahame ya baba yamo. Nikaliandika jina hilo kwenye daftari, pembeni nikaandika "mahame", nikafungua ukurasa mwingine.

Nikaanza kuitafuta Alfajiri Nyekundu. Kwenye ramani za sasa hakuna hata moja. Kwenye ramani za zamani, ziko tele, maana wakubwa wa enzi zile walipenda rangi nyekundu kuliko watu wa Simba. Nikaziorodhesha. Nikawa naandika barua kwa Kiswahili, simu inatafsiri, natuma kwa ofisi za wilaya zao. Nchi yao iko vitani, watu wanakimbilia mashimoni, na mimi huku Mtwara nawauliza habari za bibi mmoja. Niliona aibu kila nilipobonyeza, na nilibonyeza. Wengi hawakujibu. Karani mmoja alipekua vitabu vyake, akaniambia ukoo huo hawana, akanitakia heri. Mwingine alinitumia picha ya kisima, sijui kwa nini, labda alinihurumia. Msimu wa korosho ukaja, ukaisha, mabibo yakanuka mpaka yakakauka, na mimi bado niko Alfajiri Nyekundu ya sita.

Huku nyumbani nilikuwa na shangazi, mdogo wake baba, aliyetoka kijijini kuja kunisaidia. Kila asubuhi kabla sijakwenda shuleni tulimwogesha mama, yeye akimshika mabega, mimi nikimsugua. Na kila asubuhi mama alisema sentensi ile ile. Ilikuwa fupi, sauti inapanda mwishoni. Nami nilimjibu kila siku, "Ndiyo mama, tutakwenda. Nakutafutia kwenu, vumilia." Mwaka mzima nilimjibu hivyo.

Shangazi aliniambia mapema kabisa. Alikuwa anakamua nguo, akasema, "Mwanangu, wifi haulizii kwao huyu. Anaulizia mundu, yaani mtu."

"Umejuaje, shangazi? Lugha yenyewe huijui."

"Lugha sijui, macho najua. Mwenye hamu ya kwao anatazama njia. Huyu kila akisema anatazama chini, pale mlangoni, usawa wa magoti. Anatafuta mundu."

Nilimwambia shangazi kwamba daktari ameeleza, na kwamba mama mwenyewe alisema anataka kwao, kwa Kiswahili, nikasikia kwa masikio yangu. Nilimwambia kwa sauti ile ninayotumia kwa kidato cha kwanza. Shangazi hakusoma hata darasa moja. Akaendelea kuanika nguo.

Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi niliona ni ujinga. Wale makarani walionijibu ningeweza kuwarushia sauti ya mama, wangenitafsiria siku hiyo hiyo. Haikunipitia akilini, kwa sababu niliamini nakijua anachokitaka. Nilijaribu simu mara moja tu. Mama hana meno, maneno yake yanatoka na mate na vipande vya Kimakonde alivyookota kwa wagonjwa wake. Simu ikaandika habari za mbegu na mvua. Nikaizima.

Jibu lililofungua mambo lilitoka kwa karani wa Alfajiri Nyekundu ya saba. Aliandika kama mtu aliyechoka kurudia jambo moja. Majina ya namna hii, alisema, yalifutwa yote miaka kadhaa iliyopita. Vijiji vilipewa majina mengine, na vingi vilirudishiwa yale ya zamani. Hakuna aliyehama. Watu ni wale wale, nyumba ni zile zile, kibao cha barabarani tu ndicho kimebadilishwa. Akauliza, je, kijiji cha mama yako hakikuwa na jina la kabla?

Nilikuwa kwenye chumba cha walimu. Nilikaa na simu mkononi mpaka kengele ikalia, na kidato cha pili B wakapata kipindi cha bure. Visima Vitatu ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu tangu mwanzo, na mwandiko uliokiita mahame ni wangu. Nilijisikia vibaya kuliko ninavyoweza kueleza, na pia nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani, labda baba kwa kunipeleka kwenye yale mahame.

Kijiji kilikuwa na ukurasa wake mtandaoni, wenye picha za sherehe za shule na bata. Nikaandika hapo jina la ukoo wa mama na jina la mdogo wake. Jioni ya siku hiyo, kabla ya magharibi, mtu akajibu. Alikuwa mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi ya pale. Aliandika, "Wewe ni mtoto wa yule aliyeolewa Afrika?"

Nilipiga kelele mpaka shangazi akatoka jikoni na mwiko. Nikamsomea. Akapiga vigelegele, akaenda kumkumbatia mama, mama akamsukuma kidogo kwa adabu.

Ujumbe uliofuata ulikuja taratibu, kipande kwa kipande, nadhani alikuwa anatafuta namna. Mama mdogo alikuwa jirani yake. Alifariki miezi minne iliyopita, kwa maradhi ya moyo, kitandani kwake. Wiki chache baada ya mazishi makombora yakaanza kuangukia kijiji, watu wakaondolewa kwa mabasi, na sasa huko hakuna mtu. Shule haina paa. Yeye mwalimu yuko mji mwingine, analala kwenye ukumbi wa michezo wa shule pamoja na familia nyingine, na vitanda wamevitenga kwa mashuka.

Nikahesabu miezi kwa vidole kama mtoto. Nilipoanza kuandika barua, mama mdogo alikuwa hai. Nilipokuwa nawabishia hodi watu wa Alfajiri Nyekundu ya kwanza, ya pili, ya tatu, alikuwa nyumbani kwake anapalilia viazi, na simu anayo, mwalimu alinihakikishia, na alipenda sana kuongea. Ningemwuliza siku ile ya kwanza angeongea na dadake miezi minane. Nilikiita mahame wakati kina shule na bata. Nilipokuja kujua kwamba si mahame, kikawa mahame kweli. Shangazi alisema, "Ni Mungu." Nikamwambia Mungu hakuandika kwenye daftari langu. Akanisihi nisikufuru.

Nilibaki na yule mwalimu. Nikamwomba aongee na mama, ndiyo nadhiri niliyobaki nayo. Tukapiga simu siku ya Jumamosi, saa zao wakati ule ni sawa na zetu. Nikamwekea mama simu sikioni, sauti ya mwanamke wa kwao ikaingia, laini, inataja nadhani nyumba za pale moja moja. Mama alisikiliza kidogo. Kisha uso ukamjaa hofu, akaisukuma simu, akafuta sikio kwa kanga. Tukajaribu mara tatu kwa siku tofauti. Sauti isiyo na mtu ilimtisha.

Mwalimu ndiye aliyesema tufanye kinyume chake. Nimrekodi mama, yeye asikilize. Pengine tutajua anachohitaji, aliandika. Asubuhi niliweka simu juu ya stuli ya bafuni, nikamsugua mama mgongo, akasema sentensi yake. Nikaituma, nikaenda shuleni.

Jibu lilinikuta njiani narudi. "Anauliza: mwanangu yuko wapi? Mbona mmemficha?"

Nilisimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, watu wakanipita na mabati. Mwaka mzima mama yangu aliniuliza mwanangu yuko wapi, na mimi nikamjibu vumilia, tutakwenda. Nilifika nyumbani nikamweleza shangazi. Angeweza kusema nilikuambia, na nilitaka aseme, ingenisaidia. Alisema tu, "Basi mwambie uko hapa."

Nikamwomba mwalimu anifundishe. Akanirekodia kwa sauti ya polepole, kama anavyowafundisha wale wadogo: Mama, ni mimi. Niko hapa. Sijaenda popote. Sentensi tatu. Nilizisikiliza nikikuna nazi, nikisahihisha madaftari, nikipiga deki. Ulimi wangu ulikuwa mzito. Kuna sauti moja ya kooni ambayo mwalimu alinirudisha mara kumi. Aliandika kwamba ninaitamka kama mtu anayebanja korosho kwa meno, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nipate habari za mama mdogo. Nilifanya mazoezi siku nane. Nilitaka nisikosee tena kitu.

Siku ya tisa ilikuwa Jumapili. Tulimwogesha mama, tukamvalisha gauni la maua, shangazi akamchana nywele. Nikapiga magoti sakafuni, usawa wa pale anapotazama, nikamshika mikono. Akauliza swali lake. Nikamjibu sentensi zote tatu, bila kukwama, na simu ikirekodi.

Mama aliinua kichwa. Kisha akanitazama, usoni hasa, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa miezi. Akaugusa mkono wangu, akauzungusha, akakitazama kiganja na vidole. Akasema maneno mengi, kwa upole, kama anavyosema mtu mwenye akili zake. Alimaliza kwa kunipigapiga begani. Shangazi alikuwa analia. Nami nililia, kwa furaha, nasema wazi. Nilidhani nimefika. Nikatuma sauti ile kwa mwalimu nikiwa bado nimepiga magoti.

Hakujibu asubuhi hiyo. Mchana nikaona ameusikiliza ujumbe, na bado hakujibu. Nikamwandikia: tafadhali, hata kama ni kidogo. Alasiri tukiwa tunamlisha mama uji, jibu likaja.

"Amesema: Asante, dada. Una mikono mizuri, unaniosha vizuri kila siku, na umejifunza lugha yetu kwa ajili yangu, Mungu akubariki. Lakini usiseme hivyo, si vizuri. Mwanangu ni mdogo, hajafika hata miaka sita, na anaongea vizuri kuliko wewe. Ukimwona mwambie aingie ndani."

Nikausoma mara mbili, nikaiweka simu kifudifudi kando ya bakuli. Mama alifungua mdomo, nikampa kijiko kingine cha uji.

"Amesemaje?" shangazi akauliza.

"Anashukuru," nikamwambia.